Kiti cha Mvita na Kura ya Mama

Mvita ni jina kongwe la mji wetu kabla ya kuwa jina la eneo bunge. Wazee wetu walikiita hivyo kisiwa kizima cha Mombasa. Hii leo jina hilo limekusanya wadi tano, nazo ni Mji wa Kale na Makadara, Tudor, Tononoka, Majengo, pamoja na Shimanzi na Ganjoni. Twaona ni vyema, kabla haujatufikia uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, tuisome pamoja historia ya kiti hiki. Maneno yetu twayaelekeza hasa kwenu kina mama, ambao aghalabu hutafutwa kwa bidii wiki ya kura na kusahauliwa wiki inayofuata.

Kwanza ifahamike kuwa kura ya mwanamke wa mji huu haikuja yenyewe. Katika zama za Mwingereza, Waarabu wa pwani walikuwa na uwakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, lakini waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao. Katika miaka ya 1950 wanawake wa Mombasa walitia sahihi ombi la kudai haki hiyo. Hawakuwa wageni wa mambo ya uongozi, kwani katika vyama vyao vya lelemama walikuwa wamekwisha jifunza kuchaguana, kuchanga fedha na kupanga shughuli kubwa bila ya kumngoja mwanamume. Ulipofika uchaguzi wa Mei 1963, kila mtu mzima nchini, mke kwa mume, alikuwa na kura yake.

Mwaka 1974 Sharif Nassir alichaguliwa kuwa mbunge wa eneo hili, wakati huo likiitwa Mombasa ya Kati. Alikikalia kiti hicho kwa miaka 28, hadi Disemba 2002. Alikuwa jabari wa KANU katika Pwani, na kauli yake ya "wapende wasipende" ingali midomoni mwa watu hata baada ya kufariki kwake mwaka 2005. Katika zama hizo ushindani wote ulikuwa ndani ya chama kimoja, na mwaka 1982 sheria ikaifanya KANU kuwa chama pekee nchini.

Jambo linalostahili kukumbukwa zaidi katika zama hizo ni mlolongo wa mwaka 1988. Katika uteuzi wa chama mwaka huo, wapiga kura waliamrishwa kupanga foleni hadharani nyuma ya mgombea au wakala aliyeshika picha yake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila ya kupingwa. Hebu tutafakari hali ya mama wa mtaani katika foleni hiyo. Mwenye nyumba amwona, mwajiri wa mumewe amwona, na balozi wa chama aandika moyoni nani yuko wapi. Basi hapo mtu huchagua kwa khofu wala si kwa dhamiri. Utaratibu huo uliachwa baada ya malalamiko ya wananchi, na kura ya siri tuliyo nayo leo ni tunda la malalamiko hayo. Asiyeithamini hajui ilivyokuwa kukosekana kwake.

Disemba 1991 mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa. Mwaka uliofuata ulikuwa wa misukosuko mjini petu. Chama cha Kiislamu cha Kenya, IPK, kilinyimwa usajili, na ghasia zikazuka. Wafuasi wake wengi wakaiunga mkono FORD-Kenya, ambayo ilinyakua viti vya Likoni na Kisauni katika uchaguzi wa Disemba 1992. Mvita haikufuata jirani zake. Ilibaki na KANU mwaka huo, na ikabaki tena mwaka 1997.

Mabadiliko yalikuja tarehe 27 Disemba 2002. Najib Balala, aliyekuwa ameshika umeya wa Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1990, alikitwaa kiti kwa tiketi ya NARC, siku ile ile KANU ilipopoteza serikali kwa mara ya kwanza tangu uhuru. Mwaka 2007 alirudi kwa tiketi ya ODM. Mwaka 2013 aliwania useneta asifaulu, na kiti cha Mvita kikaenda kwa Abdulswamad Sharif Nassir, mwana wa yule mzee wa KANU, lakini sasa kwa tiketi ya ODM. Alichaguliwa tena 2017. Mwaka 2022, yeye alipochaguliwa kuwa gavana wa kaunti, Mohamed Machele wa ODM akaingia bungeni.

Tukikusanya hesabu hii, twaona mambo mawili. La kwanza, baina ya 1974 na 2022, muda wa miaka 48, kiti kilikaliwa na watu watatu tu, na 37 katika miaka hiyo ni ya baba na mwanawe. La pili, ODM imekishinda kiti hiki mara nne mfululizo. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu wala chama, kwani waliochagua ni sisi. Twasema kwa kuwa chama kimoja kikikita mizizi, uamuzi wenyewe huhama kutoka siku ya uchaguzi na kuingia katika mchujo wa chama. Na katika mchujo, kina mama wengi hubaki nyumbani wakidhani kuwa siku yao bado.

Tangu 1974 hadi leo hakuna mwanamke aliyekikalia kiti cha Mvita. Wala haiwezi kusemwa kuwa Mombasa haimkubali mwanamke, kwani ng'ambo ya kivuko, Likoni ilimchagua Mishi Mboko mwaka 2017 na ikamrudisha 2022, baada ya kuwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti nzima tangu 2013. Mwenye kumtaka mwanamke au mwanamume mwema, na amtafute mapema, kabla ya mchujo.

Jambo hili lina uzito majumbani. Mbunge ndiye anayetunga sheria zinazogusa ndoa, mirathi na mahakama za kadhi. Na tangu 2003, mfuko wa maeneo bunge ndio unaotoa basari za watoto wetu na kujenga madarasa yao.

Kura ni ushahidi, na ushahidi hauuzwi kwa leso wala kwa unga wa siku moja. Mume ana haki ya kumshauri mkewe, lakini ndani ya kibanda cha kura mama huingia peke yake na hujibu peke yake mbele ya Mola wake. Tunazinasihi familia zetu: kijana aliyetimia miaka 18 achukue kitambulisho na ajiandikishe, kina mama waulizeni wagombea kuhusu basari kabla ya mchujo, na siku yenyewe ikifika, watoto waachiwe mmoja wenu kwa zamu, ili kila mwenye kura aende akaipige.

Wabillahi tawfiq.