UZI: Mtambo wa upepo ukizeeka, unaenda wapi?

1/ Msimu wa siasa ukifika, stori ya stima hurudi. Mmoja anasimama jukwaani anasema upepo ni wa bure na hauna taka. Mwingine anarusha picha ya mabawa ya mitambo yakizikwa shimoni, anasema tumeuziwa uongo. Wote wawili wanakuambia nusu. Wacha nieleze nusu ile nyingine, polepole.

2/ Mimi nilianza kufuatilia hii maneno kwa sababu ya shangazi yangu. Ana shamba Kajiado, na kuna kampuni ilimletea mkataba wa kukodisha kipande cha kuweka mtambo. Kurasa nyingi, Kiingereza kizito. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiki kitu kikichoka, nani atakitoa kwa shamba langu?" Nikasoma mkataba mzima nikitafuta jibu. Sikulipata.

3/ Tuanze na umri. Mtambo wa upepo hutengenezwa ufanye kazi miaka 20 hadi 25 hivi. Kwetu, ya kwanza ilisimamishwa vilima vya Ngong mwaka wa 1993, miwili tu, msaada kutoka Ubelgiji. Ile mingi imekuja juzi. Loiyangalani, Marsabit, kuna 365, na ilianza kutuma stima kwa gridi 2018. Kipeto, Kajiado, kuna 60.

4/ Kwa hivyo kishindo chenyewe kinakuja mwishoni mwa miaka ya 2030. Mtoto anayeingia gredi ya kwanza sasa atakuwa amefika umri wa kupiga kura. Hiyo ndiyo sababu wanasiasa hawana haraka. Bili itaangukia mtu mwingine.

5/ Lakini kufika umri si kufa. Njia ziko tatu. Moja, unakaguliwa, unabadilishwa vipuri, unaendelea miaka kadhaa. Mbili, unatolewa na kuwekwa mpya wenye nguvu zaidi mahali pale pale. Kila mtambo wa Loiyangalani ni wa kilowati 850, ile ya Kipeto ni kama mara mbili ya hapo, kwa hivyo mitambo michache inaweza kufanya kazi ya mingi. Tatu, unafunguliwa wote na mahali panaachwa.

6/ Ukifunguliwa, sehemu kubwa haina shida. Kwa uzito, asilimia 85 hadi 90 hivi ya mtambo inaweza kutumika tena. Mnara ni chuma. Ndani kuna gia, nyaya, shaba. Mtu yeyote wa vyuma kuukuu atakuambia hiyo ni pesa. Wasiwasi wa huko si taka, ni wizi.

7/ Shida ni mabawa. Hayo ni faibaglasi, jamii moja na ile ya maboti, pamoja na mbao nyepesi ndani, vyote vimeshikwa na gundi ngumu. Hiyo gundi ni kama yai. Ukishalichemsha, huwezi kulirudisha kuwa bichi. Chuma unayeyusha, bawa haliyeyuki.

8/ Sasa ile picha ya mabawa yakizikwa. Ni ya kweli. Ni jaa la taka la Casper, jimbo la Wyoming, Marekani. Huko ardhi ni nyingi na kuzika ni bei rahisi, basi wakazika. Bawa likiwa chini halina sumu ya kutiririka kama mafuta, lakini halitaoza pia. Wewe na wajukuu wako mtaondoka, litabaki.

9/ Kile ambacho aliyerusha picha hakukuambia: si kila nchi inazika. Ujerumani hairuhusu. Huko mabawa husagwa na kupelekwa tanuri la saruji. Gundi inaungua na kutoa joto, kioo kinakuwa sehemu ya saruji yenyewe. Aalborg, Denmark, bawa moja lilifanywa banda la baiskeli. Kaunti ya Cork, Ireland, mengine yakawa daraja la watembea kwa miguu, 2022. Na tangu 2021 kuna mabawa mapya ambayo gundi yake inaweza kutenganishwa.

10/ Sisi pia tuna viwanda vya saruji, Athi River na Pwani. Lakini piga hesabu. Mitambo 365 mara mabawa matatu ni mabawa 1,095. Kila moja ni mita 25 hivi. Ukiyapanga kichwa kwa mkia unapata zaidi ya kilomita 27, zaidi ya nusu ya safari ya Nairobi hadi Thika. Kuyakata, kuyapakia na kuyateremsha kutoka Marsabit ni pesa. Nani analipa?

11/ Na kuna kitu hakionekani kwa picha: msingi. Chini ya kila mtambo kuna saruji na vyuma vingi sana. Sehemu nyingi duniani huondoa mita moja ya juu, wanafunika na udongo, basi. Ufaransa tangu 2020 inataka msingi wote utolewe. Tena tangu 2011 mwenye mtambo huko lazima aweke dhamana ya kuubomoa mapema. Kiwango cha kwanza kilikuwa euro 50,000 kwa kila mtambo.

12/ Wazo hilo si geni kwetu. Sheria yetu ya Madini ya 2016 inamtaka mchimbaji aweke dhamana ya mazingira. Sheria ya taka ya 2022 inasema anayeleta bidhaa sokoni abebe mzigo wake hata ikishakuwa taka. Kwa hivyo mgombea akikuambia jambo hili haliwezekani, muulize mbona kwa mgodi limewezekana.

13/ Na tuwe wa haki. Kituo cha makaa ya mawe hutoa majivu kila siku kinapofanya kazi. Mtambo wa upepo hutoa mabawa matatu baada ya miaka 20. Taka ipo, lakini inajulikana mapema, na inahesabika. Kwa hivyo kukosa mpango ni uzembe, si bahati mbaya.

14/ Akija kwa baraza, muulize haya. Dhamana ya kubomoa iko wapi, na nani anaishika? Kampuni ikiuzwa au ikifilisika, nani anabaki na mzigo? Msingi utatolewa hadi kina gani? Mabawa yatapelekwa wapi? Yote yawe kwa maandishi.

15/ Shangazi hakutia sahihi. Walirudi na kipengele kipya: mtambo utaondolewa, na msingi hadi mita moja chini. Nikamsomea kwa Kiswahili. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na chini ya hiyo mita moja, ni shamba la nani?"

Bado wanatafuta jibu. Sisi tunangoja.