Fallingwater: Nyumba Iliyokaa Juu ya Maporomoko

Wengi wetu tuishio Marekani tumeizoea Fallingwater katika picha moja, yenye roshani pana za zege zilizotokeza juu ya maporomoko katika misitu ya kusini-magharibi ya Pennsylvania. Walakini picha hiyo hupigwa kutoka bondeni, na mwenye kuizuru nyumba yenyewe hutambua mara aingiapo kwamba wenyeji wake hawakuyaona maji yao namna ile, bali waliyasikia.

Asili ya jambo hilo ni uamuzi wa msanifu wake, Frank Lloyd Wright. Mnamo 1935, Edgar Kaufmann, tajiri mwenye duka kubwa mjini Pittsburgh, alipomtaka amjengee nyumba ya mapumziko penye kijito cha Bear Run, alitaraji kuwa itaelekezwa kwenye maporomoko ili ayatazame. Lakini Wright, ambaye umri wake ulikuwa umekaribia miaka 70 na wengi wakidhani zama zake zimekwisha, akaiweka juu ya maporomoko yenyewe, ili wenye nyumba waishi na maji badala ya kuyatazama tu.

Sebuleni, mbele ya meko, jabali ambalo akina Kaufmann walikuwa wakilikalia kabla ya ujenzi limeachwa mahali pake, likichomoza sakafuni. Mawe ya sakafu yamepakwa nta yakang'aa, nalo jabali likaachwa bila nta, hata jicho huliona kama mwamba mkavu katikati ya mto. Hatua chache kutoka hapo pana mfuniko wa vioo, na ukifunguliwa, ubaridi wa kijito hupanda pamoja na mngurumo wake, na ngazi hukushusha hadi karibu na uso wa maji. Ghorofani njia ni nyembamba na dari ni za chini, kwa makusudi kabisa, ili mtu avutwe kwenda roshanini.

Roshani hizo zimeshikwa upande mmoja tu, na nondo za Wright hazikuzitosha. Naona ni haki kuwataja kwa heshima wahandisi wa Kaufmann walioongeza chuma bila ridhaa ya Wright, ingawa jambo hilo lilimghadhibisha mno, kwani hata kwa nyongeza hiyo ncha za roshani zilizama karibu sentimita 18, mpaka zilipokazwa kwa nyaya za chuma mwaka 2002.

Mwana wa Kaufmann, aliyepata kuwa mwanafunzi wa Wright, aliitoa nyumba mwaka 1963 kwa shirika la hifadhi la Western Pennsylvania Conservancy, na UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2019. Wageni huingia kwa vikundi, wakiongozwa, kwa hiyo anayekusudia kwenda na akate tiketi mapema. Nami ningemshauri achague majira ya kuchipua, theluji ikisha kuyeyuka na kijito kimejaa, maana maji yakipungua, sauti iliyo kiini cha nyumba hiyo hupungua nayo.