Chumba cha Gede Hupimwa Mida

Mgeni anayefika Malindi au Watamu, pwani ya Kenya, kwa siku mbili tatu hupangiwa matembezi kwa mtindo mmoja. Asubuhi hupelekwa magofu ya Gede, mchana akala samaki, na jioni, kama jua bado lipo, akapitishwa mbio kwenye daraja la mbao la Mida apige picha. Msitu wa Arabuko-Sokoke huuona kupitia dirisha la matatu. Mpango huo umesimama kichwa chini miguu juu. Gede ni nyumba zilizoanguka, na anayetaka kuzielewa sharti kwanza aone mahali palipotoka mawe yake, miti yake na maji yake. Vyote hivyo vipo karibu, na siku moja inatosha.

La kwanza ni jiwe. Miaka ipatayo 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yalijenga mwamba pale ambapo sasa pana minazi na mikorosho. Bahari iliporudi nyuma, mwamba ukabaki nchi kavu. Ndio huo unaovunja majembe ya wakulima wa Watamu, na ndio uliolika na mawimbi ukawa vile visiwa vidogo vyenye umbo la uyoga mbele ya fukwe. Jiwe lenyewe limejaa vitundu, hivyo mvua ikinyesha haitiririki juu, huzama. Kutoka mdomo wa Mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, msafiri anaweza kushuka kusini hadi Kilifi asikute mto wa maana unaoingia baharini. Maji yapo, ila yako chini, yanatembea gizani kuelekea pwani. Jambo hili dogo litarudi baadaye, kisimani.

Msitu unataka alfajiri. Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba zipatazo 420, na hakuna kipande kikubwa kuliko hicho cha msitu mkavu wa pwani kilichosalia Afrika Mashariki. Jicho la mgeni huona miti tu, lakini anayetazama chini, kwenye udongo, ataona misitu mitatu ndani ya mmoja. Upande wa mashariki, kwenye mchanga wa kijivu, miti imechanganyika, na mbambakofi ndio wazee wake. Katikati, kwenye mchanga mweupe usio na rutuba, inasimama mirihi iliyoachana kiasi kwamba jua linafika chini. Magharibi udongo unageuka mwekundu na miti inakuwa mifupi, imesongamana, imejaa vijiti vya kuchoma. Udongo ukibadilika, na wakazi wanabadilika. Bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi sana urefu wa kiganja cha mtu mzima, hupenda ule msitu wa udongo mwekundu. Mnana wa Clarke, ndege wa rangi ya njano na nyeusi asiyejulikana popote nje ya eneo la Kilifi, hutafuta wadudu juu ya mirihi. Mwongozaji mzuri anaweza kumwonyesha mgeni bundi huyo mchana akiwa amelala tawini, karibu hata kuhesabu manyoya yake; bila mwongozaji, mtu atapita chini yake mara kumi asimwone.

Mnyama wa kusubiriwa ni sange mwenye makalio ya dhahabu. Ana uzito wa nusu kilo hivi, pua ndefu inayochezacheza, na kiraka cha njano nyuma kana kwamba kakalia rangi mbichi. Hupekua majani makavu kutafuta wadudu, na akishtuka huupiga mkia chini kisha akaruka kama swala. Kiraka kile kinaonekana kama kosa la maumbile, maana kinamtangaza kwa adui. Lakini watafiti wamegundua kwamba ngozi iliyo chini yake ni nene kuliko sehemu nyingine za mwili, na yaelekea rangi ile humvuta adui aume mahali ambapo jeraha si la kufisha. Dume na jike huishi wawili wawili katika eneo lao, ingawa ni nadra kuonekana wakitembea pamoja. Ndoa za aina hiyo zipo hata mjini.

Wanakijiji wanaopakana na msitu wana sababu ya kuutaka ubaki. Tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo, wenye makao katika uwanja wa magofu ya Gede, umekuwa ukinunua kutoka kwa wakulima pupa, yaani vile vifuko ambamo kiwavi hugeuka kipepeo. Pupa hao husafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani, nao hutoka vifukoni mbele ya watazamaji wa huko. Mkulima anahitaji vipepeo mama wa kuanzia na majani ya kuwalishia viwavi, na vyote viwili hutoka msituni. Msitu ukifyekwa, biashara imekwisha.

Kutoka msituni hadi Hori ya Mida ni mwendo mfupi kwa bodaboda au tuktuk, lakini saa ya kufika haipangwi na dereva. Inapangwa na mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa kabisa kwenye saa nne hivi asubuhi, na hori nzima, yenye kilomita za mraba 32 hivi, hugeuka uwanda wa tope unaometameta. Siku za maji mafu tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo, na mandhari ni nyingine. Wavuvi wa Dabaso, kijiji cha kandoni mwa hori, hawahitaji jedwali kulijua hilo. Mgeni aulize tu siku moja kabla: kesho maji yanapwa saa ngapi? Anayetaka kuona ndege wakila afuate maji yanapotoka; anayetaka kupita kwa mtumbwi kati ya mikoko asubiri yajae.

Kati ya Septemba na Aprili hori hii hupokea maelfu ya ndege wanaohama kutoka kaskazini. Anayestahili kutazamwa kwa muda ni ndege mla kaa, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene mno kwa mwili wake. Kwa kawaida ndege wa jamii yake hutaga juu ya ardhi. Yeye huchimba shimo mchangani kama panya na kuatamia humo, kwenye fukwe za joto kali za Uarabuni, Oman ikiwamo. Kisha hushuka Mida kula kaa.

Daraja jembamba la mbao na kamba, linaloyumba kidogo, hupita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ada inayolipwa hapo huchangia karo za sekondari za watoto wanaoishi kandokando ya msitu na hori. Chini ya daraja ndipo somo lenyewe lilipo. Mkoko umesimama juu ya mizizi yenye magoti, mbele kabisa majini. Nyuma yake kuna mkandaa, mwembamba na ulionyooka. Mchu unatoa mizizi ya kupumulia, imesimama wima kama misumari iliyopigwa kinyumenyume. Hakuna mto mkubwa unaoleta maji baridi humu, na hata hivyo miti imestawi. Yale maji ya mvua yaliyozama ndani ya mwamba ndiyo yanayovuja hapa chini kwa chini, yakapunguza ukali wa chumvi.

Na ni hapa, kabla ya kuona ukuta hata mmoja wa Gede, ambapo mgeni anaweza kuvijua vyumba vyake. Boriti ya mkoko ni ngumu, nzito, na mchwa huipata kwa shida. Lakini ina kikomo. Dari ya nyumba ya mawe ya Waswahili ilikuwa tabaka nene la mawe na chokaa, mzigo wa kutisha, na boriti iliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta haikuweza kuubeba kwa upana unaozidi sana mita mbili na nusu. Mwenye mali alirefusha chumba atakavyo, kukipanua hakuweza. Ndiyo maana nyumba za zamani kutoka Lamu hadi Kilwa zina vyumba virefu kama ushoroba. Boriti hizo zilivuka bahari pia. Kwa karne nyingi majahazi yalizipeleka Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu, na hadi leo nyumba kongwe za Bahrain na Kuwait zina dari za mikoko ya Afrika Mashariki. Upana wa sebule ya tajiri wa huko ulipimwa kwenye matope ya huku.

Sasa ndipo Gede.

Magofu yako kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi, kama kilomita sita kutoka bahari wazi na tatu kutoka Mida. Mji ulianza karne ya 11 au ya 12, ukafikia kilele chake karne ya 15, ukahamwa karne ya 17. Msitu uliufunika. John Kirk, balozi wa Uingereza kule Zanzibar, aliufikia mwaka 1884, na kuanzia 1948 James Kirkman aliuchimba kwa takribani miaka kumi. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Wenyeji walikuwa wakijua siku zote kwamba pana kuta humo, na wengi waliogopa kuingia kwa sababu ya mizimu.

Aliyetoka Mida huingia nyumba ya kwanza na kupima kwa hatua: chumba ni kirefu, chembamba, hatua tatu nne na ukuta umemfikia usoni. Kuta ni za mwamba ule ule wa kale, uliochimbwa papo hapo. Panapohitajika mchongo mzuri, kama kwenye kibla ya msikiti au fremu ya mlango, mafundi walitumia tumbawe lililokatwa baharini likiwa bado bichi. Hukatika kwa urahisi, kisha hukauka na kuwa gumu. Matumbawe mengine yalichomwa juu ya rundo la magogo yakawa chokaa. Kwa maneno mengine, nyumba nzima ni pwani iliyopangwa upya: mwamba wa bara, tumbawe la bahari, mti wa hori.

Ndani ya nyumba kuna vyoo vya shimo na mahali pa kutawadhia, jambo ambalo wageni wa Ulaya hulishangaa, wakikumbuka hali ya miji yao wakati huo huo. Nyumba zenyewe zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa humo: Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Kauri. Kaburi moja limechongwa mwaka wake, 802 Hijria, yaani 1399 Miladia, na kwa mtafiti hilo ni zawadi, kwa sababu maandishi mengine ya mji huu ni machache mno. Kwenye tao la mlango mmoja wa Msikiti Mkuu umechongwa mkuki. Mgeni hupita bila kuuona, ingawa mkuki msikitini unasema mengi kuhusu waliojenga msikiti huo: walikuwa Waislamu wa pwani hii, wenye alama zao za utawala zilizotoka bara lao wenyewe.

Kitendawili ni ukimya. Wareno walifika Malindi mwaka 1498 na wakawa na makao huko kwa miaka mingi ya karne iliyofuata, umbali wa safari ya nusu siku kwa miguu. Hata hivyo hawakuacha maelezo ya mji huu. Huenda waliujua kwa jina jingine, Kilimani, kwani Gede ni jina lililokuja baadaye na hudhaniwa kuwa la Kioromo.

Kwa nini watu waliondoka? Vipo visa vya nje. Mwaka 1589 wavamizi Wazimba walipita pwani wakiharibu. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, na mtawala wa Malindi, rafiki yao, akahamia huko, biashara ikamfuata. Waoromo nao walikuwa wakisogea kutoka kaskazini. Ukuta wa ndani wa Gede, uliojengwa karne ya 16, unaonyesha mji uliojikunja: watu walikuwa wachache, nao wakaacha nje mitaa waliyoshindwa kuilinda.

Kipo pia kisa cha chini ya miguu. Kirkman aliona kwamba visima vilikuwa vimechimbwa zaidi baada ya kujengwa, kana kwamba wenyeji walikuwa wakiyafuata maji yaliyokuwa yakishuka. Mji usio na mto, uliokaa juu ya jiwe lenye vitundu, hauna akiba nyingine. Hoja hiyo haijafunga mjadala, na si lazima sababu moja iue nyingine. Mji unaweza kustahimili adui, na unaweza kustahimili kiu, lakini vyote viwili kwa pamoja ni mtihani.

Marafa, kwa wanaouliza, ni siku nyingine. Lile bonde la mchanga ulioliwa na mvua, ambalo Wagiriama huliita Nyari, liko upande wa bara kaskazini ya Malindi, na rangi zake nyekundu, nyeupe na za chungwa hutaka jua la magharibi. Kuliunganisha na Gede ni kuviharibu vyote viwili.

Ni afadhali kubaki hapa hadi karibu na kufungwa kwa lango, kima wakishuka kutoka mitini kukagua mifuko ya wageni. Mifuko ifungwe vizuri, ndizi hazikai. Karibu na Msikiti Mkuu kuna kisima kimoja kirefu, kimejengewa mawe kwa ustadi. Anayeinama kutazama ataona mizizi ikiteremka kwenye kuta zake, ikitafuta kule chini maji yale yale ambayo asubuhi aliyaacha yakivuja kwenye miguu ya mikoko.