Nyumba na Mpangaji (Sehemu ya Tatu): Kuharibika na Kuharibiwa

Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo mwenye nyumba hana budi kuyapima kabla hajafungua kinywa kumdai mtu fidia: kuharibika na kuharibiwa. Mlango ulioharibika umefikiwa na umri wake, na mlango ulioharibiwa umefikiwa na mkono wa mtu. Na katika ugomvi niliopata kuushuhudia hapa Ukunda baina ya wenye nyumba na wapangaji wanaohama, aghalabu kisa kilikuwa ni mtu kulitamka neno la pili mahali palipostahili la kwanza. Katika makala mbili zilizotangulia tulisema juu ya mkataba na juu ya kodi isiyolipwa. Leo tutazame chumba chenyewe, siku mpangaji anapokirudisha.

Mji wetu, kama ajuavyo kila aliyeshika njia ya Likoni kwenda Lunga Lunga akakata kushoto kuelekea Diani, umejaa nyumba za kupangisha kwa sababu hoteli za ufukweni zimejaa watu wa kazi: wapishi, wahudumu, madereva, walinzi, na nyuma yao wauza vinyago na waendesha bodaboda. Watu hawa riziki yao hufuata majira. Masika yanapoingia na wageni wakapungua, hoteli hupunguza wafanyakazi, nyingine hufunga kwa miezi, na hapo ndipo mikokoteni ya magodoro huonekana ikitoka mitaani. Sasa angalia jinsi mambo yanavyokutana: mwenye nyumba huingia kukagua chumba chake katika msimu ule ule ambao mvua inapenya kila tundu la msumari wa bati, na upepo wa kusi unaleta unyevu wa bahari hadi ndani ya makabati. Chumba huonyesha sura yake mbaya kuliko zote siku ile ile mpangaji anapoaga, naye ndiye aliye karibu wa kulaumiwa.

Nayasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe nilitumbukia humo. Nina nyumba ya Kiswahili huko Mvindeni, niliyorithi kwa marehemu baba, yenye vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, na uani penye jiko na choo cha wote. Katika chumba kimoja alikaa kijana mpishi wa hoteli, miaka minne kasoro miezi, na mwezi mmoja wa Mei akanipa taarifa kwamba anarudi kwao. Nilipoingia nikaona lipu imekatika chini ya ukuta kiasi cha shubiri mbili, grili ya dirisha imeliwa na kutu, dari ina masizi, rangi imepauka, na kitasa kimevunjwa. Nikaketi barazani nikaandika hesabu ya shilingi 11,400, ilhali dipoziti yake mkononi mwangu ilikuwa 5,000. Nikamwambia kwamba asitazamie kurudishiwa hata senti, na kwamba zilizobaki nitamdai. Kijana hakunijibu kwa ukali. Alikwenda akamleta mzee wa mtaa, na mzee akaja na fundi mwashi.

"Mwalimu," mzee akaniuliza, "siku ulipomkabidhi kijana huyu ufunguo, ukuta huu ulikuwaje?"

Nikajibu kwamba ulikuwa mzima.

"Mzima kwa maandishi, au mzima kwa kumbukumbu?"

Sikuwa na la kusema. Fundi naye alikuwa amekwisha chutama. Akakwangua kwa ukucha ule unga mweupe uliokuwa ukimeguka ukutani, akautia ulimini, akatabasamu. "Hii chumvi, mzee. Ukuta huu umetiwa mchanga wa bahari, na hata akikaa malaika humu lipu itakatika." Na kweli, baba yangu, Mungu amrehemu, alijenga zama ambazo mchanga wa ufukweni ulibebwa kwa punda bila kuulizwa na mtu, na chumvi ile iliyomo ndani ya lipu kila ipatapo unyevu hupanda, huchanua juu ya ukuta kama ukungu, na kusukuma rangi na lipu pamoja. Grili haikuhitaji hata kuonjwa, kwani chuma kilicho wazi kwa upepo wa kusi, kisichopakwa rangi kwa miaka minne, hakiwezi kuwa na hali nyingine, na wajibu wa kukipaka rangi ulikuwa wangu.

Ama masizi ya darini, kijana alikiri: siku za mvua alikuwa akiliingiza jiko la makaa chumbani, na tulikuwa tumekubaliana kwamba kupika ni uani. Kitasa nacho alikivunja usiku aliopoteza ufunguo. Mzee akahesabu vipande viwili vya dari shilingi 1,400, na ujira wa fundi 600. Katika kitasa, ambacho kipya kilikuwa 1,400, akasema kwamba kile cha zamani kilikwisha kula nusu ya umri wake, basi kijana alipe 700 tu. Jumla ikawa 2,700, nami nikamrudishia 2,300 mbele ya mashahidi, huku uso ukiniwaka kwa haya.

Nilipokwenda baadaye kuyapekua maandishi ya sheria, nikakuta kwamba mzee yule, bila kufungua kitabu, alikuwa amehukumu karibu sawasawa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Sheria hiyo, hata kama mkataba umenyamaza, humwekea mpangaji dhima ya kuyatunza majengo na kuyarudisha katika hali aliyoyakuta. Lakini papo hapo humwondolea dhima ya uchakavu wa kawaida, na ya moto, mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wake, na ya radi, tufani na maafa mengine ya maumbile. Kwa upande wa pili, anayepangisha sehemu tu ya jengo, kama sisi wenye nyumba za vyumba, hubaki na jukumu la paa, kuta kuu za nje, mifereji mikuu ya maji machafu na sehemu zinazotumiwa na wote. Kwa hiyo mwenye bati linalovuja hana hujja ya kumtoza mpangaji dari iliyooza chini ya bati hilo. Hali kadhalika choo cha uani kinachotumiwa na vyumba sita: kikiziba, na isijulikane ni nani aliyetia kitambaa, kuwagawia wote gharama kwa hasira ni dhulma, japokuwa najua kwamba ndivyo tunavyofanya.

Wala hukumu hii si ngeni kwa watu wa pwani. Katika fikihi ya madhehebu ya Shafii, iliyosomwa katika vyuo vyetu kwa karne nyingi, mwenye kukodi nyumba huhesabiwa kuwa mkono wake ni mkono wa amana. Kitu kikiharibika mikononi mwake halipi, ila ithibitike kwamba alivuka mpaka au alifanya taksiri. Kupika kwa makaa mahali palipokatazwa ni kuvuka mpaka. Kuona bomba linavuja juma zima usimwambie mwenye nyumba, hadi ukuta ukavimba, ni taksiri. Lakini sakafu iliyochubuka kwa nyayo, bawaba iliyolegea kwa kufunguliwa, na tundu dogo la msumari wa kutundikia kalenda, hayo ni matumizi, na matumizi ndiyo yaliyolipiwa kodi.

Linabaki jambo la ithibati, na hapa ndipo daawa nyingi zinapokufa. Swali lile la mzee, kwa maandishi au kwa kumbukumbu, ndilo atakaloliuliza hakimu yeyote. Nami tangu mwaka ule sitoi ufunguo kabla sijaingia chumbani pamoja na mpangaji mpya, tukafungua kila mfereji, tukawasha kila swichi, tukafunga na kufungua kila dirisha, na kuandika katika daftari kilicho kizima na kilicho kibovu, pamoja na umri wa rangi na wa kitasa. Kisha tunapiga picha kwa simu, tunatia sahihi sote wawili na shahidi mmoja, na kila mtu anachukua nakala yake. Kazi hii haimalizi nusu saa. Wenye nyumba za wageni kule Diani, ambao wapangaji wao hukaa siku tano wakaenda zao Ulaya, huhesabu hadi vijiko. Sisi tunaokaa na mtu miaka minne tunaona haya kuhesabu madirisha, tukidhani kwamba kuandikiana ni kutoaminiana.

Siku ya kutoka, ukaguzi ufanywe mpangaji akiwapo, chumba kikiwa kitupu, kabla kitanda hakijapanda tuktuk. Kinachodaiwa kikadiriwe na fundi kwa maandishi, kisha stakabadhi za vifaa zitunzwe, kwa sababu dai lisilo na risiti ni kisa tu. Na dipoziti isiliwe kwa kodi ya mwezi wa mwisho. Desturi hiyo imeenea sana mjini hapa, mpangaji akisema, "Mzee, mwezi huu kula dipoziti," na mwenye nyumba akaitikia kwa wema. Kumbe amekwisha kulitoa lile fungu pekee lililowekwa kwa ajili ya kitasa na dari. Pia mwenye nyumba aikumbuke hali halisi ya fedha ile: ni amana ya mpangaji mpaka ithibitike kinyume, si faida ya mwenye nyumba.

Wapo wanaoona njia hizi ni ndefu, wakazuia friji na godoro la mpangaji hadi alipe ukuta. Wajue kwamba haki ya kukamata mali ya mpangaji katika sheria ya Kenya ni kwa ajili ya kodi iliyolimbikizwa, nayo hutekelezwa na dalali mwenye leseni. Haikuwekwa kwa ajili ya dari wala sinki. Kung'oa mlango au kuezua bati ili mtu ahame ni kumgeuza mdai kuwa mdaiwa kwa siku moja. Na kukimbilia polisi hakufai isipokuwa pale ambapo mtu ameharibu kwa makusudi, kama yule anayevunja sinki kwa nyundo usiku wa kuondoka, kwani kosa la jinai la kuharibu mali lahitaji kukusudia, na masizi ya mchele hayakukusudiwa na mtu.

Aliye na ushahidi wake na asisikilizwe kwa mzee wa mtaa, mlango upo. Mahakama ya madai madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, hupokea madai ya fidia ya mali iliyoharibiwa yasiyozidi shilingi 1,000,000, hutakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 60, na mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Wenye vyumba vya kuishi ambavyo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi wanalo baraza lao chini ya sheria ya kudhibiti kodi, ingawa vyumba vya bei hiyo mjini hapa vinazidi kuadimika. Ama mwenye duka pale Kona ya Musa, aliyepangisha bila maandishi, yuko chini ya sheria ya mwaka 1965 ya maduka na hoteli; mpangaji wake akipuuza matengenezo yaliyo juu yake hadi duka likaharibika, hiyo ni sababu mojawapo inayotambuliwa ya kumtaka atoke, lakini kwa ilani rasmi isiyopungua miezi miwili, na baraza la kodi za biashara likiwa juu yao wote.

Juma lijalo, inshallah, tutaeleza habari ya mpangaji aliyehama usiku bila kuaga, na vitu alivyoacha nyuma. Lakini mwenye chumba kitupu hivi leo asiisubiri makala hiyo: na achukue daftari, aingie, apite kidole ukutani chini karibu na sakafu, na aandike alichokiona kabla mpangaji mpya hajaleta kitanda.