Jinsi sumu ya risasi inavyotoka kiwandani hadi damuni

MNAMO Desemba 2024, Mahakama ya Juu ilirejesha fidia ya Sh1.3 bilioni ambayo wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walikuwa wametunukiwa mwaka wa 2020. Kiini cha kesi hiyo kilikuwa madini ya risasi kutoka kwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari hadi kilipofungwa mwaka wa 2014.

Masaibu ya wakazi hao yanafafanua kanuni za msingi za elimu ya sumu katika mazingira.

Kanuni ya kwanza ni kiasi. Paracelsus, tabibu wa karne ya 16, alifundisha kwamba kiasi ndicho hukifanya kitu kuwa sumu. Hata chumvi ikizidi huua. Kuhusu risasi, hata hivyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtu akipatikana na mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu, shirika hilo hushauri chanzo kitafutwe na kuondolewa.

Ya pili ni njia. Risasi iliyo ndani ya betri nzima haimdhuru mpita njia. Betri ikivunjwa na kuyeyushwa, moshi na vumbi hutua mapaani na udongoni, kisha watu huivuta au kuimeza. Mfanyakazi naye huipeleka nyumbani kwa nguo zake.

Ya tatu ni anayepatwa. Watoto wachanga hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko watu wazima, nao hutambaa na kutia vidole kinywani. Ubongo wao ungali unakua, hivyo hupoteza uwezo wa kujifunza, hasara isiyorekebishika.

Ya nne ni muda. Mwili huhifadhi risasi mifupani na menoni. Miaka baadaye, mwanamke akishika mimba, hutoka mifupani na kumfikia mtoto tumboni. Udongoni pia risasi haiozi. Kwa hivyo kufunga kiwanda pekee hakumalizi hatari iwapo udongo haujasafishwa.

Anayeishi karibu na mahali kama hapo anashauriwa kunawa mikono kabla ya kula, kulowesha vumbi kabla ya kufagia, na kuwapeleka watoto wapimwe damu hata wakionekana buheri wa afya, kwa kuwa sumu hii hudhuru kabla dalili hazijaonekana.