Dawa Isikatike Njiani

Mwezi wa 2 mwaka 2025 kambi nyingi kandokando ya Goma zilivunjwa, watu wakatawanyika. Wewe unayetibiwa kifua kikuu, dawa ni za miezi 6 kwa kawaida. Ukizikatiza, vijidudu huweza kuzizoea, na matibabu yatakuwa magumu zaidi. Basi mkiambiwa kuhama, pitia kwanza kituo cha afya, uombe barua ya uhamisho na dawa za njiani. Kadi uifunge ndani ya nailoni. Mvua ya huku tunaijua.

Nanyi machefu, mnapoandika wageni, ulizeni kwa siri nani yuko kwenye dawa. Akiulizwa mbele ya watu atanyamaza, huku anakohoa nyumbani mwa aliyempokea. Mwenye nyumba naye asimfukuze: anayemeza dawa vizuri, hatari ya kuambukiza wengine hupungua upesi.