Kujulishwa si kujua: Lugha na adhabu za madereva

Sidhani yupo Mkenya atakayemtetea dereva ambaye leseni yake imesimamishwa kwa kuhatarisha maisha ya watu, naye kwa ujeuri akarudi kwenye usukani. Mtu wa aina hiyo anastahili adhabu kali. Hata hivyo, kabla hajapelekwa gerezani kuna swali ambalo sharti lijibiwe: Je, alijua kwamba leseni yake ilikuwa imesimamishwa?

Swali hili si ujanja wa mawakili. Tuchukue mfano wa jimbo la Florida nchini Marekani. Sheria ya huko, kifungu cha 322.34, inatofautisha madereva wawili. Yule anayeendesha gari bila kujua kwamba leseni yake imesimamishwa huwa amevunja kanuni za barabarani tu, wala hahesabiwi kuwa mhalifu. Yule anayejua huwa ametenda jinai. Kwa kosa la kwanza anaweza kufungwa hadi siku 60 na kutozwa faini isiyozidi dola 500. Kwa kosa la pili, kifungo chaweza kufika mwaka mzima. Kitenzi kimoja, kujua, ndicho kinachowatenganisha watu hawa wawili.

Ikumbukwe pia kwamba dereva wa Florida hasimamishiwi leseni kwa ulevi au mwendo wa kasi pekee. Anaweza kusimamishiwa kwa kushindwa kulipa faini, au hata kwa kutolipa fedha za matunzo ya mtoto. Arifa hupelekwa kwa posta kwenye anwani yake ya mwisho inayojulikana na serikali. Ikiwa amehama, amri huanza kufanya kazi vivyo hivyo, hata kama barua hiyo haikumfikia. Aghalabu wanaonaswa hapa ni maskini, ambao huhamahama kwa kutafuta kodi nafuu na ambao faini ndogo huwalemea. Kwa sababu hiyo sheria hiyo haichukulii, katika kesi za faini zisizolipwa, kwamba kumbukumbu za ofisini peke yake zinaonyesha kuwa dereva alikuwa na habari. Jimbo la California lilikwenda mbali zaidi: mnamo 2017 liliacha kabisa kusimamisha leseni kwa sababu ya faini za barabarani ambazo hazijalipwa.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na jambo hili nalitazama kwa jicho la lugha. Wanafunzi wetu hufundishwa kunyambua kitenzi jua: jua, julisha, julishwa. Katika kujua, mtenda ana habari akilini mwake. Katika kujulishwa, habari zimeletwa na mtu mwingine, na huenda zikaishia bahashani. Anayepelekewa barua kwa lugha asiyoielewa amejulishwa kwa mujibu wa karatasi za serikali, lakini hajui lolote. Wahenga walinena kwamba usilolijua ni kama usiku wa kiza.

Hapa nchini, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imeandikwa kwa Kiingereza. Katika lugha ya sheria, kusimamishwa kwa leseni, kufutwa kwa leseni na kuzuiwa kwa mtu kuwa na leseni ni mambo matatu mbalimbali. Leseni iliyosimamishwa ingalipo, ila imelazwa kwa muda. Iliyofutwa haipo tena. Na anayezuiwa ni mtu mwenyewe, hata akitafuta karatasi nyingine. Lakini katika vituo vya matatu utasikia yote hayo yakiitwa kunyang'anywa leseni. Dereva anayeambiwa kwa Kiingereza cha haraka kwamba amepatwa na mojawapo ya haya, atajuaje ni lipi, linaanza lini na linakoma lini?

Kuna watakaosema kwamba kutoijua sheria si kinga. Ni kweli, kifungu cha 7 cha Kanuni ya Adhabu kinasema hivyo. Lakini kifungu cha 10 cha kanuni hiyo hiyo kinamfikiria mtu aliyekosea kwa nia njema, na kwa sababu za busara, kuhusu hali ya mambo ilivyo. Kujua kwamba ni kosa kuendesha gari bila leseni halali ni kuijua sheria. Kujua kwamba leseni yangu mimi imesimamishwa tangu jana ni kujua hali ya mambo.

Katiba ya 2010 imetuonyesha njia. Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 49 inataka anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na Ibara ya 50 inadai vivyo hivyo kwa habari anazostahili kupewa mshtakiwa. Lakini haki hizi zinamfikia mtu akiwa tayari mikononi mwa polisi au mbele ya hakimu. Ingefaa zianze mapema, katika ile arifa yenyewe.

Pendekezo langu ni hili. Kila amri ya kusimamisha leseni iandikwe kwa Kiswahili sanifu sambamba na Kiingereza, nayo itaje waziwazi tarehe ya kuanza, tarehe ya kukoma, na hatua za kuipata leseni tena. Amri ikitolewa mahakamani, dereva asomewe, kisha aombwe aieleze kwa maneno yake mwenyewe. Walimu wenzangu nao, mnapofundisha uandishi wa ilani na barua rasmi, wapeni wanafunzi zoezi la kuandika arifa kama hiyo, ambayo utingo aliyeishia darasa la nane ataisoma mara moja na kuielewa.

Hayo yakitimizwa, anayerudi kwenye usukani kwa ukaidi hatakuwa na pa kujificha. Hakimu amfunge bila kusita, kwa maana itakuwa dhahiri kwamba alijua.